Uvimbe wa maji kwenye ubongo wa mwanangu: nilishtukia kwenye kofia, ukatobolewa kwa kamera (uzi mrefu)

Mama Kofia

Wakuu habari za usiku. Mimi humu ni msomaji tu wa kimyakimya, ila juzi kwenye daladala ya Rangi Tatu nimekaa na mdada kapakata mtoto, kamfunika khanga mpaka usoni, saa nane mchana na lile joto lote. Nikajua anaficha nini, maana na mimi nilikuwa namfunika wangu hivyohivyo. Nikamuuliza kwa upole, mtoto ana miezi mingapi, akasema minne, akanifunulia kidogo. Kichwa kile nilikijua. Akaniambia nyumbani wanasema kabemendwa. Nikashuka naye kituo ambacho si changu.

Sasa nimeona niandike yangu yote, labda kuna mwingine anasoma kakaa kimya kama mimi nilivyokaa.

Mimi ni fundi cherehani, nipo Tandika, nashona magauni na sare za shule, na vibaki vya vitambaa nashonea kofia za watoto wachanga. Mwanangu wa tatu nilimjaza kofia, kila wiki ana mpya. Alipokuwa kwenye mwezi wa tano nikamshonea moja ya bluu, nikaachia nafasi kabisa ya kukulia. Wiki mbili haziishi kofia haiingii. Nikalaumu kitambaa, nikasema hiki kimerudi kilipofuliwa. Nikashona nyingine kitambaa tofauti. Nayo ikagoma. Sasa fundi futi kamba iko shingoni muda wote, nikampima: sentimita 45. Nikaandika kwenye daftari langu la vipimo vya wateja, chini ya mama mmoja wa kiuno 98 hivi. Baada ya wiki tatu nikapima tena, 46 na nusu.

Nikampeleka zahanati jirani na nyumbani. Nesi akamcheka baba yake, maana mume wangu ni bodaboda na kweli helmeti za kawaida hazimuingii, akasema mama hiki kichwa cha ukoo. Kadi ya kliniki mstari wa uzito unapanda vizuri, wote tunafurahi mtoto anaongezeka, kumbe na kichwa nacho kilikuwa kinapanda mizani!

Naendelea, ngoja nimlaze.

Chachandu

Naweka kambi hapa. Pole sana dada.

Kinyozi Msomi

Lete vitu mama, usituache njiani kama wale wa simulizi za vipande vipande

Mzee wa Bomba

Kwanza hongera kwa daftari. Sisi wanaume mtoto tunamuona kakua siku anaomba hela ya shule.

Mama Kofia

Nimerudi.

Mwezi wa sita unaisha, utosi umejaa umebenjuka kama kitumbua, ukiugusa ni mgumu, haudundi kama ulivyokuwa. Shingo haikai. Watoto wa umri wake pale uani wanakaa wenyewe kwenye mkeka, wangu ukimkalisha kichwa kinamvuta anaanguka upande. Mama mkwe (namheshimu, na alimpenda mjukuu wake kuliko wote) akasema hili ni zongo, kuna mtu kamtazama vibaya. Wifi naye akaja na lile la kubemenda, yaani maana yake mimi au mume wangu tumetoka nje ya ndoa mtoto akiwa ananyonya. Mnajua hilo neno linavyoingia ndani ya nyumba? Tulikaa siku tisa hatusemeshani, kila mtu anamuangalia mwenzie. Hizo siku tisa kichwa kiliendelea kukua.

Tukaenda kwa mtaalamu mmoja nje ya mji, akapaka dawa utosini na kumfunga kitu shingoni. Wiki tatu. Siwezi kumtukana, nilikwenda kwa miguu yangu.

Kilichonishtua kabisa ni macho. Asubuhi moja nimembeba namnyonyesha, nikaona mboni zimeshuka chini, juu yake weupe mtupu, kama jua linazama baharini unaona kipande tu. Halafu akatapika, si kucheua, kutapika kwa nguvu. Kesho yake tena asubuhi. Tukaenda hospitali moja ya kulipia, tukaandikiwa dawa ya sikio.

Aliyetuokoa ni daktari kijana kabisa hospitali nyingine, kijana ambaye bado anapima watu huku anaona aibu. Alitoa tepu mfukoni, akaizungusha kichwani, akapima mara tatu akachukua kubwa kuliko zote. 48 na nusu, miezi saba. Nikatoa daftari langu nikampa. Akaliangalia, akageuza ukurasa, akarudia, akaita mwenzie aje aone. Akachora vidoti kwenye karatasi yenye mistari ya kujikunja, vidoti vyangu vyote vilikuwa vinapanda vinakata mistari kwenda juu, badala ya kuufuata mmoja. Akasema mama, kichwa kikubwa peke yake kinaweza kuwa cha ukoo kweli, ila cha ukoo kinafuata mstari wake, hakirukiruki.

Hapo ndipo nilipoacha kulia nikaanza kusikiliza.

Sista wa Zamu

Mama Kofia umeeleza vizuri kuliko sisi tunavyoeleza wodini. Mimi ni nesi, mwaka wa kumi na sita huu. Niongezee hapo kwa wazazi: mtoto anazaliwa na kichwa cha kama sentimita 34 au 35, miezi mitatu ya mwanzo kinaongezeka kama sentimita 2 kwa mwezi, kisha moja, na kuanzia nusu mwaka kinapunguza mpaka kama nusu sentimita kwa mwezi. Akifika mwaka anakuwa kwenye 46 hivi. Kwa hiyo sentimita moja na nusu ndani ya wiki tatu kwa mtoto wa miezi mitano, huyo anatakiwa kuonwa wiki hiyohiyo. Tepu ipite juu ya nyusi na nyuma pale penye kinundu, pale palipotokeza zaidi. Na kina mama msiogope kuomba kipimwe kliniki, foleni ndefu kweli tunachoka, lakini omba.

Dogo wa Tandika

samahani swali la kijinga, si ndio ile minyoo ya kitimoto inayopanda kichwani? maana niliona clip moja jamaa ana mayai kibao kwenye ubongo

Sista wa Zamu

Si la kijinga, ila ni kitu kingine kabisa. Ile ni mkanda wa nguruwe, vifuko vidogovidogo vya mdudu, na mara nyingi inaleta kifafa ukubwani. Na usidhani ni ya walaji wa kitimoto tu. Nyama isiyoiva inakupa mnyoo wa tumboni, lakini kile cha kwenye ubongo unakipata kwa kumeza mayai yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye mnyoo, kwenye mikono, mboga mbichi, maji. Kwa hiyo hata ambaye hajawahi kula nguruwe anaweza kupata. Mtoto wa Mama Kofia nahisi ni uvimbe wa kuzaliwa nao, ngoja aseme.

Kinyozi Msomi

Nilikuwa na oda ya kilo moja hapa, mmeiharibu jioni yangu

Mama Kofia

Hahaa pole Kinyozi, ichome iive tu.

Sista umepatia. Siti skani ikaonyesha maji yamejaa ubongoni, ila daktari akasema hayakujaa yenyewe, kuna kitu kimeziba. Ikatakiwa MRI, mtoto kapigwa nusu kaputi ili atulie. Kuipata hiyo picha niliuza ovaloki yangu. Mpaka leo nguo za kumalizia pindo napeleka kwa jirani.

Picha ikirudi daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo akatuita wote wawili, akaibandika kwenye mwanga. Kulikuwa na duara jeusi kubwa katikati na mengine mawili juu yake kulia na kushoto, mume wangu akasema kama kichwa cha panya wa katuni mwenye masikio. Daktari akacheka, akasema na madaktari wanaisema hivyohivyo. Masikio ndiyo vyumba vya maji vya kila mtu vilivyovimba, uso wa panya ndio uvimbe.

Akaeleza ubongo umevikwa tando, moja nyembamba kama utando wa buibui, na ndiyo maana wakaita arakinoidi. Mtoto akiwa tumboni hiyo tando inaweza kuachana ikawa mbili, katikati pakaingia maji pakawa kama mfuko. Mimi hapo nikamuelewa haraka, nikamwambia dokta, yaani bitana imeachana na kitambaa ikajaa maji. Akasema mama hivyohivyo, naomba niibe huo mfano.

Uvimbe si kansa. Haukuwa na nyama, ni maji kama yale ya kawaida ya ubongo. Tatizo mahali ulipokaa, chini katikati karibu na mishipa ya macho na tezi ya homoni, halafu umesukuma kwenda juu ukaziba mlango wa maji kupita. Na akaniambia kwa mdomo wake kwamba hakuna mtu aliyembemenda mtoto huyu. Alisema akimuangalia mume wangu. Sikumwambia mimi, nadhani ameshazoea kuyaona majumba yetu yanavyovunjika kwa hilo.

Mzee wa Bomba

Hapo kwenye kuziba ndio kazi yangu. Swali, maji hayo yanatoka wapi na yanaenda wapi? Maana ukiniambia tenki linajaa nitakuuliza kwanza, linajazwa na nini na ovafloo yake iko wapi.

Daktari Bado Mwanafunzi

Mzee swali lako lina akili. Ndani ya ubongo kuna vyumba vinne vilivyounganishwa, na humo kuna vinyama laini vinavyotengeneza maji muda wote. Mtu mzima anatengeneza kama mililita 500 kwa siku, ile chupa ndogo ya maji unayonunua foleni ya Buguruni, lakini wakati wowote kichwani na mgongoni mna kama 150 tu. Maana yake yanabadilishwa mara tatu au zaidi kila siku. Yanatengenezwa, yanapita chumba hadi chumba, yanatoka nje yanazunguka ubongo na uti wa mgongo, halafu yanarudi kwenye damu. Mtoto anatengeneza kidogo kuliko mkubwa, ila mantiki ni ileile. Ziba popote njiani, uzalishaji hausimami. Kwa mtoto mchanga mifupa ya kichwa haijaungana ndiyo maana kichwa kinapanuka, kwa mkubwa hakuna pa kupanukia, huyo anaumwa kichwa, anatapika, anapoteza fahamu upesi.

Mzee wa Bomba

Kwa hiyo bomba halifungwi koki. Basi dawa ni kulipa njia nyingine.

Daktari Bado Mwanafunzi

Ndio uti wa uzi huu mzee. Njia ya nje ni mpira, shanti wanavyoita, unatoka kichwani chini ya ngozi mpaka tumboni. Njia ya ndani ni kutoboa kwa kamera.

Baba Pacha

Naomba niingilie. Kurwa wangu ana mpira tangu ana miezi mitatu, sasa ana miaka sita yuko la kwanza Kigamboni. Umebadilishwa mara mbili. Mara ya kwanza uliziba, mara ya pili uliingia wadudu. Sisi tuko Dar, usiku ule tulipata gari tukafika. Pale wodini tulikuwa na mama kutoka Rukwa, wa kwake uliziba akiwa kijijini. Sitaki kumalizia.

Mama Kofia

Baba Pacha pole. Hata sisi tuliambiwa hilo, na daktari alisema hata katika nchi tajiri zenye kila kitu karibu mipira minne kati ya kumi inasumbua ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Akatuambia kwa uvimbe wa mahali pale kamera inafaa sana kwa sababu inatoboa mara mbili kwa mpigo, juu ya mfuko kuingia kwenye chumba cha maji, na chini ya mfuko kutokea kwenye nafasi za maji chini ya ubongo. Mfuko haung'olewi. Watu wananiambia "walimtoa uvimbe", hapana, waliutoboa juu na chini, ukawa njia.

Siku yenyewe. Asubuhi hajanyonya tangu saa kumi usiku, analia, na mimi maziwa yananitoka yanalowesha dera. Wakanionyesha pale watakapopasua, pembeni ya utosi upande wa kulia, mkato kama wa sentimita tatu. Hawakumkata mfupa mkubwa kwa sababu utosi ulikuwa bado wazi, walipita ukingoni. Kile kidude kinachoingia ni chembamba kama penseli, kina taa na lenzi, na humo ndani kuna njia ya kupitishia maji safi na vyombo vidogo. Aliingia saa tatu kasoro. Mume wangu alienda kukaa kwenye pikipiki nje, hakuiwasha, amekaa tu na helmeti kichwani.

Saa tano kasoro robo wakatoka.

Siku ya pili daktari alitufungulia video yenyewe kwenye kompyuta. Nilidhani nitaona damu nikataka kukataa. Jamani. Ni kweupe kule ndani, maji masafi, unaona mishipa midogo myekundu kama uzi wa kudarizi. Na ule utando wa uvimbe umetanda, umevimba kuja juu, una rangi ya bluu kwa mbali, unaona nyuma yake kama nailoni. Unapumua! Kila moyo unapopiga na wenyewe unanyanyuka. Wakauchoma kidogo ukafunguka, kamera ikaingia ndani ya mfuko, ikashuka mpaka chini, hapo wakaenda taratibu sana kwa sababu chini yake kuna mshipa mkubwa wa damu na unauona unadunda. Wakatoboa, wakapitisha kiputo kidogo wakakijaza, tundu likapanuka. Walipokitoa zile kingo zikaanza kupepea kwenda na kurudi kama pazia dirishani kwenye upepo. Daktari akaweka kidole kwenye kioo akasema hiyo ndiyo niliyokuwa naitaka, maji yanapita.

Nimeshona pazia nyingi maishani sijawahi kuona nzuri kama ile.

Chachandu

Nimesoma hiyo aya ya mwisho mara tatu. Mtoto wa kwako ni wa taifa sasa

Daktari Bado Mwanafunzi

Kwa wapenda historia, hii kitu ni ya zamani kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1910 daktari mmoja wa Chicago, Victor L'Espinasse, ambaye alikuwa daktari wa mambo ya mkojo, alichukua kifaa cha kuangalia kibofu akakiingiza kwenye ubongo wa watoto wachanga wawili wenye maji kichwani akaunguza vile vinyama vinavyotengeneza maji. Mmoja alifariki. Mwaka 1923 William Mixter wa Boston, naye kwa kifaa cha njia ya mkojo, akatoboa sakafu ya chumba cha tatu kwa mtoto wa miezi tisa. Walikuwa mbele ya wakati, taa zilikuwa hafifu, lenzi mbovu, ikaachwa. Mipira ikaja ikatawala miaka ya hamsini kuendelea, kamera ikarudi lenzi zilipokuwa nzuri.

Na sisi Afrika Mashariki tuna mchango mkubwa humo. Mbale, Uganda, kuna hospitali ya watoto ya CURE, na Benjamin Warf, Mmarekani aliyekuwa anafanya kazi pale, ndiye aliyeunganisha kutoboa na kuunguza vile vinyama kwa watoto wachanga, hasa kwa sababu ya hilo alilosema Baba Pacha: mpira ukiziba kijijini mtoto hafiki. Mbale iliwafundisha madaktari wa nchi nyingi. Na Zanzibar pale Mnazi Mmoja kuna jengo la upasuaji wa ubongo lililofunguliwa 2014 kwa ushirikiano na Wahispania wa taasisi ya NED. Hapa Dar watoto wa kichwa kikubwa na mgongo wazi kwa miaka mingi kituo chao ni MOI, ile taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili.

Bint Kilwa

Kwa hiyo kamera ndio mpango mzima, mpira ni wa kizamani, serikali iache kuweka mipira. Mbona wanatuwekea?

Daktari Bado Mwanafunzi

Taratibu dada. Hao hao wa Mbale walifanya utafiti wa kulinganisha, ukatoka 2017, watoto 100 wa chini ya miezi sita ambao maji yalijaa baada ya maambukizi. Nusu kamera, nusu mpira kwa kura. Baada ya mwaka mmoja, kwenye ukuaji wa akili hakukuwa na tofauti ya maana kati ya makundi. Kwa hiyo mpira si wa kizamani na kamera si muujiza. Inategemea umri, chanzo, kama mtoto alishawahi kuwekewa mpira. Mtoto wa chini ya mwezi mmoja aliyepata homa ya uti wa mgongo, tundu lake lina uwezekano mkubwa wa kuziba au maji kukataa kufyonzwa. Wa Mama Kofia alikuwa na kizuizi halisi kinachoonekana kwenye picha, ndio aina inayopenda kamera. Faida yake hakibaki kitu mwilini, hakuna cha kuziba tumboni wala cha kupandwa na wadudu miaka ijayo.

Baba Pacha

Asante kwa hilo. Kuna siku najiona kama nilimpa mwanangu kitu cha daraja la pili.

Sista wa Zamu

Hukumpa cha daraja la pili baba. Yuko la kwanza huyo.

Mkonge Mzima

Wakuu mimi nina lingine linaninyima usingizi. Kijana wangu miaka 9, aligongana na mwenzie uwanjani akaanguka, akapigwa siti skani kuangalia kama kapasuka. Hakupasuka, ila wakakuta "uvimbe wa maji" upande wa kushoto karibu na sikio. Nimeambiwa niende nyumbani nirudi baada ya miezi sita. Miezi sita!! Mtoto ana uvimbe kwenye ubongo mimi nirudi nyumbani? Mke wangu anachangisha ukoo aende India. Huyu mama wa kwake kapasuliwa, kwa nini mimi naambiwa nisubiri

Daktari Bado Mwanafunzi

Mkonge pumua kwanza. Uvimbe wa namna hii uligundulika kuwa wa kawaida kuliko watu wanavyodhani. Chuo Kikuu cha Michigan walipitia picha za MRI za watoto na vijana 11,738, wakaikuta kwa 309, yaani kama wawili au watatu kwenye kila mia. Pale kushoto karibu na sikio ndipo panapopendwa zaidi, na kwa wavulana zaidi. Wengi wanaishi nao mpaka wanazeeka hawajui. Unaopasuliwa ni ule wenye kesi: maji yanajaa, kichwa kinakua, degedege inayoanzia pale penye uvimbe, macho yanapungua, au unakua kila ukipigwa picha. Kijana wako ana lolote kati ya hayo?

Mkonge Mzima

Hana. Anasumbua tu kama kawaida, juzi kavunja dirisha la jirani.

Daktari Bado Mwanafunzi

Basi kumpasua ni kumtafutia hatari ambayo hana. Miezi sita si kupuuzwa, ni wao kulinganisha picha mbili. Muulize daktari kuhusu kucheza mpira wa miguu na ngumi, maana wa upande huo mara chache unaweza kuvujia damu au kupasuka ukipigwa kwa nguvu, yeye aliyeona ukubwa wake ndiye wa kusema. Akianza kuumwa kichwa mfululizo, kutapika, kusinzia ovyo, usisubiri miezi, nenda usiku huohuo.

Mzee wa Bomba

Mkonge na pesa ya India weka ya dirisha kwanza

Mama Mpole wa Tabata

Mama Kofia mimi nauliza, ulipokuwa mjamzito ulimeza zile folik? Maana nimesoma hizi shida ni mama kutomeza.

Mama Kofia

Nilimeza dada, nilianza kliniki mimba ina miezi minne. Hili swali limenikalia mpaka kwenye mkeka wa kuswali.

Sista wa Zamu

Ngoja nilijibu mimi. Foliki asidi inazuia mgongo wazi, na hapo inatakiwa ianze kabla ya mimba, maana uti wa mgongo wa mtoto unajifunga ndani ya mwezi wa kwanza, wengi hata hatujajua kama tuna mimba. Huu uvimbe wa tando hauhusiani na hizo. Kwa hiyo binti yeyote anayepanga kuzaa ameze mikrogramu 400 kila siku, ni jambo zuri sana, ila Mama Kofia asibebeshwe mzigo usio wake. Kabebeshwa ya kutosha.

Bint Kilwa

Na baada ya hapo je? Mtoto akapona moja kwa moja? Simulizi za humu huwa zinaishia kwenye raha tu.

Mama Kofia

Hapana Bint, haikuishia kwenye raha. Siku ya nne nimemlaza nikaona mto umelowa. Si mkojo, si jasho. Maji meupe yanatoka kwenye mshono kama cherehani inavyodondosha mafuta, tone, tone. Nilipiga yowe wodi nzima ikaamka. Wakasema inatokea hasa kwa wachanga, ngozi yao ni nyembamba na ndani maji bado hayajazoea njia mpya. Wakaongeza nyuzi, wakamlaza kichwa juu, wakamfuatilia homa kila baada ya saa chache maana kinachoogopwa hapo ni homa ya uti wa mgongo. Ikakauka siku ya tatu. Mshono wa pili ulikuwa mzuri kuliko wa kwanza, nilimwambia daktari kifundi kabisa, akaniambia mama usiniaibishe mbele ya wanafunzi.

Na jamani kichwa hakirudi kikawa kidogo. Watu walikuja kumtembelea wanaangalia kichwa wanasema mbona bado. Kinachotakiwa ni kisimame, mwili ukifuate. Siku ya upasuaji kilikuwa 50. Akitimiza mwaka, 50 na kidogo. Sasa hivi ana miaka miwili na miezi minne, ni 51, na mwili umeongezeka hata mgeni hajui. Macho yalirudi juu wiki ileile. Shingo ikakaa baada ya mwezi na nusu, mazoezi kila siku kwenye mkeka, mume wangu ndiye alikuwa fundi wa hilo. Alitembea ana miezi ishirini. Maneno bado machache, anasema "mama", "pipiki", na tusi moja alilojifunza kijiweni kwa baba yake.

Kwenye picha ya mwisho uvimbe bado upo, umesinyaa. Daktari akasema anatibu mtoto, hatibu picha. Tunarudi kila mwaka kwa macho na homoni, kwa sababu ya pale ulipokaa anaweza kubalehe mapema au asirefuke vizuri. Na tundu linaweza kuziba hata baada ya miaka, ndiyo maana nyumbani wote, mpaka dada wa kazi, wanajua: akitapika asubuhi mara mbili bila kuharisha, akawa mlegevu, hakuna kusubiri kukuche.

Pale wodini pia nilikutana na wazazi wa chama cha ASBAHT, ni wa watoto wa kichwa kikubwa na mgongo wazi. Wao ndio walionifundisha kumbeba bila kumfunika.

Baba Pacha

Na yule mdada wa daladala?

Mama Kofia

Nilimpima palepale kituoni kwenye benchi la muuza vocha, nina futi kamba kwenye pochi siku zote. 46, miezi minne. Jumatatu nilienda naye mwenyewe mpaka wakampokea, siti skani keshafanyiwa, anasubiri kuonwa na bingwa Alhamisi. Sijui yake ni ya kamera au ya mpira. Mume wake hapokei simu.

Sista wa Zamu

Alhamisi nipo zamu ya asubuhi. Nicheki inbox umwambie aniulizie.

Chachandu

Mimi natoa nauli ya hiyo Alhamisi, kwenda na kurudi, asipande daladala na mtoto.

Mzee wa Bomba

Na mimi niweke kwenye hesabu. Mama Kofia, kofia moja unauza shilingi ngapi? Nina mjukuu Ukonga, wiki sita.

Mama Kofia

Wako nakupa bure mzee. Nipe kipimo cha kichwa, juu ya nyusi mpaka kwenye kinundu cha nyuma. Na wiki ijayo unipe kingine.